Ufa wa ukutani Embakasi: nilivyoutuliza

Ufa ulianzia chini ya dirisha la chumba cha kulala ukashuka kimshazari hadi sakafuni. Mafundi wawili walitaka kuuziba kwa simiti na kupaka rangi. Nilikataa, kwa sababu kiangazi ulipanuka na mvua za Machi hadi Mei ukajifunga. Ufa unaopumua hivyo hauzibwi. Kinachocheza ni udongo.

Hapa Embakasi, Nairobi, tumejenga juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Injinia aliyesajiliwa alichimba shimo dogo kando ya msingi. Bomba la gata lilikuwa limepasuka na kumwaga maji yote ya paa kwenye kona ileile, na mizizi ya mkaratusi wa jirani ilikuwa imefika pale, ikinyonya maji ya udongo.

Tulianza na maji: bomba jipya hadi kwenye mtaro, kisha zege ya upana wa mita moja kuzunguka nyumba, ikiinamia nje. Mkaratusi tuliupunguza matawi tu, kwa makubaliano na jirani. Kuung'oa ghafla kungeacha udongo unywe maji na kuinua msingi.

Nilichora mistari ya penseli kukatiza ufa, nikaandika tarehe. Msimu mzima wa mvua na kiangazi ulipopita bila mistari kuachana, fundi alikwangua viungo vya mawe, akalaza nondo za milimita 6 zikivuka ufa kwa nusu mita kila upande, akajaza chokaa na simiti. Ripu ikaja mwisho.