Pasipoti huisha kabla ya tarehe yake

Ijumaa ya tarehe 14 Machi 2025 nilifika uwanja wa ndege saa kumi na moja alfajiri nikiwa na begi moja la mkononi, tikiti ya kwenda na kurudi, na pasipoti iliyoandikwa kwamba inaisha tarehe 9 Septemba mwaka huo huo. Binti wa kaunta alifungua ukurasa wa picha, akaingiza namba, akatulia. Akaweka kidole gumba juu ya tarehe na kuanza kuhesabu kwa midomo bila kutoa sauti: Aprili, Mei, Juni. Alipofika Septemba akaniangalia.

"Samahani, mama. Unakokwenda wanataka miezi sita kamili tangu siku unayoingia. Umepungukiwa na siku tano."

Nilimwonyesha barua ya mwaliko. Nikamweleza kuwa mimi ni mkalimani na kesho yake asubuhi kuna mkutano unanisubiri. Akamwita msimamizi wake, naye akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome mwenyewe. Maneno yalikuwa wazi kabisa. Kabla jua halijachomoza nilikuwa kwenye treni, narudi nilikotoka. Mkalimani mwenzangu wa kibandani alibeba kazi yangu na yake siku mbili mfululizo, kazi ambayo kwa kawaida tunapokezana kila nusu saa kwa sababu akili haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Nilimwomba radhi siku ile, na naendelea kumwomba radhi.

Yule binti sina ubaya naye. Shirika la ndege likimpakia abiria asiyekamilisha masharti, lenyewe ndilo linalobeba gharama ya kumrudisha, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Ndiyo maana kaunta hutazama Timatic, hifadhidata ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yenye masharti ya kuingia nchi mbalimbali, na kinachosemwa pale hakina mjadala. Kosa lilikuwa langu. Nimeishi ughaibuni miaka kumi na moja, napanda ndege mara mbili au tatu kwa mwezi, na muda wote huo nilikuwa nikisoma tarehe moja tu, ile iliyochapishwa.

Sasa nahesabu kinyumenyume. Nikiwa na pasipoti ya miaka 10, natoa miezi sita ya mwisho, maana nchi nyingi zinaitaka. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao, ni afadhali kidogo: zinataka miezi mitatu baada ya siku unayokusudia kutoka, lakini zinataka pia pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Sharti hili la pili limewakwamisha wengi waliobeba pasipoti za Uingereza, kwa kuwa hadi Septemba 2018 nchi hiyo ilikuwa ikihamishia kwenye kitabu kipya miezi iliyobaki kwenye cha zamani, mtu akajikuta na pasipoti ya zaidi ya miaka 10 inayosema bado ni nzima. Baada ya hapo natoa muda wa kusubiri miadi ubalozini, kisha muda wa kusubiri kitabu chenyewe. Kwangu mimi hiyo ilikuwa miezi mitatu na nusu. Kwa hiyo pasipoti yangu ya miaka 10 ilikuwa ya miaka tisa na kitu.

Na hapo sijagusa kurasa. Msafiri wa mara kwa mara humaliza kurasa kabla ya miaka. Ya kwangu ilikuwa na kurasa 32, idadi ambayo ina umri mrefu kuliko sisi sote: mwaka 1920, mkutano wa Paris uliofanyika chini ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, ulipendekeza pasipoti iwe kitabu cha kurasa 32, kiandikwe angalau kwa lugha mbili, mojawapo Kifaransa. Mwezi ule wa Machi nilibakiwa na kurasa mbili safi. Viza ya kubandika hula ukurasa mzima, na maafisa wengine hugonga muhuri katikati ya karatasi tupu huku kona za karatasi nyingine ziko wazi. Nimejifunza kumfungulia afisa ukurasa wenye nafasi na kumwambia kwa upole, "Hapa, tafadhali." Wengi hukubali. Na kwenye fomu ya maombi, kama nchi yako inatoa kitabu kikubwa, weka alama kwenye kitabu kikubwa. Nyongeza ya gharama ni ndogo ukilinganisha na kurudi ubalozini mwaka wa sita.

Miadi ya karibu niliyoipata ilikuwa tarehe 29 Aprili. Ubalozi wetu uko kwenye mji mkuu, mwendo wa saa nne kwa treni, nami nilikwenda na bahasha nene: fomu, nakala, risiti ya malipo, picha. Picha ndiyo iliyonirudisha nyuma. Nilipigwa na mpiga picha mzuri wa jirani, akazikata milimita 35 kwa 45 kama anavyowakatia wateja wake wote, yaani kwa kipimo cha nchi ninayoishi. Nchi yangu inataka kipimo kingine. Karani, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, aliziweka juu ya kiolezo cha plastiki, akatikisa kichwa, akanielekeza duka la picha mtaa wa pili. "Kimbia dada, nakushikia nafasi." Na alinishikia kweli.

Kisha vidole. Mashine ilisoma mkono wa kushoto bila shida, ikakataa wa kulia. Mara tatu, mara nne, taa nyekundu. Nikaanza kuhisi jasho mgongoni, lakini kwenye ncha za vidole hapakuwa na unyevu hata kidogo. Karani akaniambia nipitishe vidole kwenye paji la uso, taratibu, kama mtu anayejifuta vumbi, halafu nibonyeze tena bila kukandamiza. Taa ikawa ya kijani. Mafuta ya ngozi ndiyo yaliyokosekana. Nilikaa miaka yote hii nikidhani kubonyeza kwa nguvu ndiko kunakosaidia, kumbe ukikandamiza mistari ya kidole hulala na mashine haioni kitu.

Swali nililolisahau, na ambalo nakuomba usilisahau wewe, ni hili: je, pasipoti ya zamani wanabaki nayo wakati unasubiri? Balozi nyingine hukuachia uendelee kuitumia. Nyingine huichukua, na ziko nchi zinazofuta namba yake siku ile ile unapowasilisha maombi, hata kama kitabu kiko mkononi mwako. Ya kwangu ilichukuliwa. Nilitoka pale na kipande cha karatasi chenye muhuri.

Wiki ya tatu ya kusubiri, mama aliugua. Kaka yangu alinipigia simu usiku, sauti imeshuka, akasema wamemlaza na madaktari wanamwangalia moyo. Asubuhi nilipiga simu ubalozini kuuliza hati ya dharura ya kusafiria. Walinijibu vizuri na kwa subira: naweza kupewa, itanifikisha nyumbani, lakini ni ya safari moja. Kurudi kungetegemea pasipoti mpya, ambayo ingebidi niifuatilie upya nikiwa huko, na kibali changu cha ukaazi kilikuwa kimefungwa kwenye namba ya zamani. Nilikaa kitandani na simu mkononi. Kaka akaniambia, "Tulia hapo. Sisi tupo." Nilitulia, lakini si kwa moyo. Kwa siku tisa nilimsikiliza mama kwa njia ya simu, kila jioni nikipima pumzi zake kati ya neno na neno, kazi ninayoifanya kwa ajili ya wageni nikiifanya sasa kwa mtu aliyenizaa. Alipona. Ila mpaka leo nikisikia mtu anasema pasipoti ni karatasi tu, namwacha aseme.

Tarehe 26 Juni nilirudi kuichukua. Karani yule yule. Alinipa kitabu kipya na kuniambia nisiondoke dirishani kabla ya kusoma, na ushauri huo nauchukulia kuwa wa thamani kuliko wote. Nilisoma jina, tarehe, mahali pa kuzaliwa, halafu nikashuka kwenye ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, herufi 44 kila mmoja, iliyojazwa alama za < mahali penye nafasi. Mashine za mpakani huanza na mistari hiyo. Tarehe ndani yake huanza na mwaka: pasipoti yangu inaisha tarehe 12 Juni 2035, kwa hiyo imeandikwa 350612, ikifuatiwa na 3. Ile 3 ni namba ya ukaguzi. Zidisha tarakimu za tarehe kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1: unapata 21, 15, 0, 42, 3 na 2. Jumla ni 83, na tarakimu ya mwisho ni 3. Mashine ikisoma vibaya tarakimu moja, hesabu hii huisaidia kugundua. Lakini haikingi jina lililokosewa, na jina ndilo linalopaswa kufanana na tikiti herufi kwa herufi. Hilo ni la macho yako.

Kisha akachukua pasipoti ya zamani na kitoboleo. Nikamzuia kwa mkono. Ndani mlikuwa na viza ya Marekani yenye miaka mitatu mbele yake, na viza hiyo hubaki hai ndani ya pasipoti iliyokwisha mradi haijaharibiwa, ukasafiri na vitabu vyote viwili.

"Ukurasa gani?" akauliza.

"Ishirini na moja."

Akavaa miwani, akafungua ukurasa wa 21, akaupapasa kwa kidole kuona viza imeishia wapi. Akatoboa jalada kwenye kona ya juu, mbali nayo, matundu mawili, akakata kipande cha ukurasa wa picha. Akainua kitabu kwenye mwanga wa dirisha kuhakikisha ukurasa wa 21 umesalimika, ndipo akanirudishia.

Vibali vya kielektroniki havina bahati hiyo. ESTA ya Marekani au ETA ya Uingereza hushikamana na namba ya pasipoti. Namba ikibadilika, unaomba upya. Wiki nzima iliyofuata niliipitisha nikibadilisha namba: kibali cha ukaazi, benki, akaunti za mashirika ya ndege, tikiti mbili nilizokwisha kununua. Andika orodha hiyo mapema, ukiwa bado na subira.

Safari ya kwanza ya kitabu kipya sikuipa kazi. Nilikwenda kwa mama. Amepungua, na anatembea akishika ukuta, lakini macho ni yale yale. Kitabu kipya alikifungua na kukifunga, hakina kitu. Cha zamani alikishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye matundu, kisha akaanza ukurasa wa kwanza akiniuliza kila muhuri: hapa ulikwenda kufanya nini, na hapa, na huu uliofifia ni wa wapi. Tulipozima taa tulikuwa tumefika ukurasa wa 13.