Kibao cha kuongozea matundu ya rafu
Hatimaye nimekamilisha kifaa cha kuongozea drili ili matundu ya kubebea rafu za kabati yaachane kwa milimita 32 kutoka kitovu hadi kitovu, kipimo kinachofuatwa na makabati mengi ya kiwandani. Nimetumia kipande cha chuma bapa, kwa kuwa tundu la mwongozo lililotobolewa kwenye mbao hupanuka upesi, na nimekitoboa matundu mawili tu ya milimita 5: moja hupokea pini inayoshika tundu lililokwisha kutobolewa ubavuni mwa kabati, na la pili huiongoza biti (ncha ya drili inayotoboa) kutoboa linalofuata.

Ili kuhakiki kipimo, nilichomeka biti mbili za milimita 5 katika matundu hayo na kupima kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipimo vidogo kwa usahihi, kutoka ukingo wa nje wa moja hadi ukingo wa nje wa nyingine, ambapo ilipasa kusomeka milimita 37, yaani 32 pamoja na nusu ya unene wa kila biti.

Wapo watakaosema, tena kwa haki, kwamba kosa la milimita 0.1 likirudiwa mara 20 huwa milimita 2. Hata hivyo, mbavu zote mbili zikianzia chini kwa kifaa kilekile, kosa hilo hulingana pande zote na rafu hukaa sawa.