Nilivyoifungua foda ya ofisini bila kuzima fayawoli

Siku tuliyobadilisha rauta pale stesheneri kwetu, kompyuta ya mbele iligoma kufungua foda iliyoko kwenye kompyuta ya nyuma. Kila ukibofya, kosa 0x80070035: njia ya mtandao haijapatikana. Wateja wamejaa, mwanachuo anataka ripoti yake ya fildi itoke kabla ya saa nane.

Fundi niliyempigia akaniambia, "Dada, zima fayawoli zote, itakubali." Fayawoli ndiye mlinzi wa kompyuta anayeamua nani aingie kupitia mtandao. Nikazima, ikakubali kweli, ripoti ikatoka. Lakini sikupata amani. Kwetu flashi zinaingia na kutoka kutwa nzima, nyingine zina vile virusi vinavyogeuza kila foda kuwa shotikati. Na WannaCry, ile programu hasidi ya Mei 2017 iliyofunga mafaili ya watu na kudai pesa, ilisambaa kwa kupitia hukohuko kwenye kushirikisha mafaili, poti 445 (mlango wa mtandao unaotumiwa na kazi hiyo), ikizikumba mashine za Windows ambazo hazikuwekewa sasisho lililotoka Machi mwaka huo. Niache wazi kwa kila anayeunga simu yake kwenye waifai yetu? Hapana.

Jioni nikawasha fayawoli tena kwenye kompyuta ya nyuma, nikakaa nayo. Kumbe Windows iliichukulia rauta mpya kuwa mtandao wa umma, ambako kushirikisha mafaili huzuiwa. Nikaubadilisha uwe mtandao binafsi. Bado! Antivirusi yetu nayo ina fayawoli yake. Humo nikaongeza ruhusa moja: TCP (aina ya mawasiliano ya mtandao), poti 445, kutoka 192.168.1.11 pekee, ambayo ndiyo anwani ya kompyuta ya mbele kwenye mtandao wetu. Kisha nikaingia kwenye rauta nikaitengea kompyuta hiyo anwani yake isibadilike, maana rauta ikimpa mtu mwingine namba ile kesho, ruhusa inamfuata yeye.

Kwenye antivirusi hiyohiyo kuna sehemu ya kusamehe foda isikaguliwe. Wengi hukimbilia hiyo, na ndipo wanapoumia. Haifungui muunganisho wowote; inachofanya ni kuiambia antivirusi ifumbe macho. Na foda yetu ndiyo inayopokea mafaili ya wateja! Sikuigusa.

Asubuhi mdogo wangu alibofya, foda ikafunguka mara moja. Nikachukua laptopu yangu, nikaiunga kwenye waifai ileile, nikajaribu kuingia. Ikazunguka, ikazunguka, halafu ikaniletea 0x80070035. Safari hii nilifurahi kuiona.