Hesabu ya vidole

Mwaka 2014 nilikuwa nikitunza wazee katika nyumba moja ya kulea wazee huko Salford, Uingereza. Zamu ya asubuhi haina kupumua: unaogesha, unavisha, unagawa vidonge, unalisha uji. Ikifika saa tatu na dakika ishirini na tano sebule nzima ilinyamaza, maana televisheni ya huko, ITV, walikuwa wanaanza The Jeremy Kyle Show.

Kama hukuwahi kukiona kipindi hicho, kilikuwa hivi. Mtu anakaa jukwaani na mwenziwe anayemshuku. Mtangazaji anawasogelea, anafoka, anamwita mmoja muongo mbele ya umati. Watazamaji wanazomea, walinzi wako tayari pembeni. Kisha inaletwa karatasi ya majibu: ama ya DNA, mtoto ni wa nani, ama ya mashine ya kupima uongo. Mwaka 2007 jaji mmoja wa Manchester, akiwa na kesi ya mtu aliyempiga mwenziwe kichwa humo studioni, alikifananisha kipindi na mchezo wa kale wa kumchokozesha dubu kwa mbwa, ila hapa walikuwa ni binadamu.

Nilikuwa nikimlisha bibi mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha nguo ujana wake. Wenzake walishangilia au kusonya. Yeye kila karatasi ya DNA iliposomwa aliniuliza swali lile lile: "Na kesho nani atampeleka huyo mtoto shule?" Kipindi hakikuwahi kumjibu. Mwanamume alitoka mbio kupitia nyuma ya jukwaa, kamera ikamfuata, halafu wakaingia wagombanao wengine.

Vipimo hivyo viwili si sawa, na hilo lilinisumbua sana. DNA husema kweli. Ile mashine hupima mapigo ya moyo, pumzi na jasho, na mtu mwenye hofu hutokwa jasho hata kama hana kosa. Mahakama za jinai za Uingereza haziyapokei majibu yake kama ushahidi, lakini pale jukwaani yaliivunja ndoa papo hapo. Mei 2019 mgeni mmoja alifariki siku chache baada ya kuambiwa mashine imemkuta na uongo. ITV wakakifunga kipindi kilichokuwa hewani tangu 2005. Bunge likawaita watayarishaji, wakaulizwa mashine yao inapatia kwa kiasi gani, nao hawakuwa na jibu. Miaka yote hiyo!

Na sisemi haya kwa kuwacheka Waingereza. Kwetu Kenya tunayo Patanisho ya Radio Jambo, ya watangazaji Gidi na Ghost, mtu anaomba mwenziwe apigiwe simu hewani wasuluhishwe. Nia yake ni njema, nimesikia watu wakisameheana pale nikafurahi. Lakini siri ya chumbani inasikika kwenye matatu, na ndani ya matatu kuna watoto wa watu wanaokwenda shule.

Sasa nieleze kilichonigusa mimi, na mwenyewe ameniruhusu. Mdogo wangu wa kiume aliondoka Mombasa kwenda kufanya kazi Doha tarehe 3 Februari 2013. Wifi yangu akajifungua tarehe 5 Novemba. Jirani akahesabu kwa vidole, Februari, Machi, Aprili, mpaka Novemba ikaangukia kidole cha kumi. "Mimba ya miezi kumi mmeiona wapi?" Maneno yakasafiri kwa WhatsApp hadi Doha.

Akanipigia usiku. "Dada, wewe uko huko kwenye hivyo vipimo. Nikitaka cha mtoto nafanyaje?"

Sikumkatalia, ni haki yake kujua. Nilimuuliza tu: majibu yakifika, nani atakuwa amekaa na mkeo? Nani atambeba mtoto? Alinyamaza muda mrefu, nikasikia feni ya chumba chao. Nikamwomba amwache shangazi aende kwanza.

Shangazi yetu ni nesi mstaafu, miaka mingi alikuwa wodi ya wazazi. Alikwenda kwa wifi yangu Likoni peke yake, hakuchukua shahidi wala mzee wa mtaa. Akamwogesha mtoto, akala chakula cha mchana, ndipo alipoomba kadi ya kliniki na kalenda. Akahesabu siku, si miezi: 275. Mimba tangu kutungwa huwa kama siku 266, na kifungua mimba kuchelewa wiki moja na kitu si ajabu. Jirani alikuwa ameihesabu Februari nzima na Novemba nzima, hali Novemba ilikuwa na siku tano tu. Wifi yangu alilia mbele ya shangazi, na kilio hicho hakuna mwingine aliyekiona.

Kwetu Pwani wazee husema kitanda hakizai haramu. Nilipokuwa msichana nilidhani ni maneno ya kufunikia aibu. Pale sebuleni Salford, mkononi nina kijiko cha uji, ndipo nilipoona walikuwa wakimkinga nani.

Mdogo wangu hakupima. Mkataba wake uliisha 2017, akarudi nyumbani mwisho wa wiki. Jumatatu asubuhi wifi alinitumia picha iliyopigwa kwa nyuma: mwanamume amebeba kibegi cha rangi ya waridi begani, na kitoto kimemshika kidole, wanakwenda chekechea.