Masta ya kwanza niliiuza, ya pili nimeikodisha

Filamu yangu ya kwanza niliiuza Kariakoo mwaka 2014 kwa shilingi milioni nne na nusu, taslimu, kwenye bahasha ya kaki. Kuitengeneza kulinigharimu milioni tatu na laki sita, na nusu ya hizo ilikuwa mkopo wa kikundi cha mama kule Tanga. Nilipokuwa nazihesabu noti juu ya kaunta, katikati ya maboksi ya kava za filamu za wenzangu, nilichokuwa nawaza ni deni la mama tu. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja. Nilisoma jina langu na kiasi cha fedha, nikasaini. Mstari uliosema nauza "haki zote, kwa njia zote, bila ukomo" niliupita mbio.

Wakati ule kuuza masta, yaani nakala mama ya filamu pamoja na haki zake, ndiyo ilikuwa biashara yenyewe. Msambazaji anakulipa mara moja, anatoa DVD, anapambana na wanaodurufu, wewe unakwenda kutafuta hadithi nyingine. Aliyeinunua simlaumu, alifanya kile tulichoandikiana. Lakini miaka miwili baadaye kituo kimoja cha televisheni kilinipigia kikiitaka filamu ile ile. Swali la kwanza: haki ziko kwa nani? Ikabidi nimtajie mtu mwingine. Baadaye nikaikuta YouTube, matangazo yanapita juu ya sura za waigizaji wangu, na mama ananiuliza mbona inatazamwa hivyo, mnalipwa lini?

Mjomba wangu wa Pangani ndiye aliyenifungua macho, na hajui lolote kuhusu filamu. Nilipomsimulia akasema, "Sasa wewe uliuza mnazi. Mimi minazi yangu naikodisha, mtu anaangua kwa msimu, msimu ukiisha mti wangu." Siku hiyo hiyo niliandika kwenye daftari njia zote ambazo filamu moja inaweza kuanguliwa: televisheni, DVD, intaneti, maonyesho ya kulipia kiingilio, ndege, mabasi, nchi jirani. Kila moja ni mkataba wake, na kila mkataba una nchi yake na miaka yake.

Filamu ya pili nilianza na karatasi kabla ya kukodi kamera. Mikataba ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi: mwandishi wa skripti, waigizaji, mpiga picha, mhariri, mwenye nyumba tuliyoshutia. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja wa pale Pangani. Nilimwamkia, nikamsomea mstari kwa mstari tukiwa tumekaa barazani. Akacheka, "Mwanangu, kwani mimi nitakushitaki?" Nikamwambia, bibi, karatasi hii inakulinda na wewe pia. Akafikiri, kisha akataka niongeze kwamba mtungi wake wa maji utarudishwa pale pale ulipokuwa. Nikaongeza kwa kalamu, akaweka dole gumba.

Pamoja na uangalifu wote huo, muziki ulinipiga. Tulikuwa na tukio la harusi, na ili watu wacheze kweli tuliweka taarabu moja maarufu kwenye redio, ikapigwa kwa sauti wakati kamera inazunguka. Tukio likatoka zuri mno. Televisheni walipoiona wakaomba kibali cha wimbo, na mimi sikuwa nacho. Kuuondoa haikuwezekana kwa sababu wimbo na maneno ya waigizaji viliingia kwenye maiki moja. Kwa hiyo dakika nne nzima zilirudiwa sauti studio. Kikundi cha vijana wa Tanga kilinitungia wimbo mpya wenye mwendo ule ule kwa laki mbili na nusu, kwa maandishi. Mwigizaji mmoja alikuwa ameshahamia Mwanza. Ulioniokoa ni mstari mmoja wa mkataba wake: atarudi siku mbili za sauti akihitajika, nauli juu yangu. Nakuomba sana, ndugu yangu unayeshuti mwezi ujao: kwenye ngoma au harusi, wape wachezaji mdundo wa kuanzia, kisha zima redio kabla hujarekodi maneno. Muziki utauweka mezani kwa mhariri, ule ulioulipia.

Kibali cha Bodi ya Filamu na daraja lake la umri wa watazamaji, pamoja na usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nilivishughulikia mapema, sitavirefusha hapa. Ila karatasi zile ndizo televisheni walizotaka kuziona kabla ya kutaja bei. Walinipa milioni kumi na moja kwa haki zote, au sita kwa miaka miwili, Tanzania pekee, na intaneti inabaki kwangu. Usiku ule sikulala, maana kumi na moja ni fedha nyingi kwa mtu anayedaiwa. Nilichukua sita.

Tofauti ile niliitafuta kwa miguu. Projekta ya kukodi, jenereta, shuka jeupe. Muheza, Korogwe, Pangani yenyewe, kiingilio shilingi elfu moja, watoto bure. Kuna usiku tulipata watu kumi na wanane kwa sababu ya mvua. Kuna usiku Pangani tulionyesha mara mbili, na bibi mwenye nyumba alikaa kiti cha mbele. Watu wa pwani walioko Muscat walilipia kwa intaneti. Hawakuwa wengi, lakini walilipa. Baada ya miezi kumi na minne nilikuwa nimevuka ile kumi na moja.

Mkataba wa televisheni ulipokwisha, wao wenyewe waliomba kuongeza mwaka mmoja, nikawakodishia tena. Kwenye mikataba ya waigizaji niliandika kwamba kila mauzo mapya yana fungu lao, kwa hiyo fedha ilipoingia nilianza na wao, mmoja mmoja, kwa M-Pesa. Yule wa Mwanza alinipigia dakika ile ile kuuliza kama nimekosea namba.