Sapporo Autumn Gold: ukishindana na kuvu, usisahau panda za matawi

Mwelmu huu (elm, mti wa nchi za baridi) ni chotara wa mwelmu wa Siberia na wa Japani. Mbegu zilitoka Sapporo, Japani, uchujaji wa miche ukafanyika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Unaistahimili vizuri kuvu ya Ophiostoma, ile inayoziba mirija ya maji.

Mbegu zake achana nazo, miche haimfuati mama. Kata vipandikizi laini mwanzoni mwa majira ya joto, sm 10–15, bakiza majani mawili. Ukibebesha kwenye mwelmu wa kawaida, shina la chini linaweza kuugua.

Kasoro kubwa? Matawi hubanana kwenye panda, gome likanaswa katikati, upepo ukaja ukapasua. Acha shina kuu moja mapema. Pogoa wakati wa baridi: jeraha bichi la majira ya joto huwaita mbawakawa wanaobeba kuvu.