Faili la .dat kwenye CD ya harusi, nilivyolifungua

Bimkubwa alinipa CD ya harusi ya dada, zile VCD za zamani, anataka nimhamishie kwenye flashi aangalie kwenye TV. Naiweka kwenye kompyuta sioni video, mafolda tu, naingia MPEGAV nakuta AVSEQ01.DAT, mamia ya MB, ukiligonga mara mbili Windows inakuuliza ulifungue na nini. Sasa .dat yenyewe haikwambii kitu jamani, ni data tu, kila programu inatia humo inachotaka, kwa hiyo cheki kwanza limetoka wapi. Kwenye VCD hilo ndo video yenyewe, ya muundo wa zamani unaoitwa MPEG-1. Nikaliburuta ndani ya VLC, ile programu ya kuchezea video, likacheza hapo hapo, tarumbeta na vigelegele vyote. TV ikagoma kulisoma, nikabadili jina likawa .mpg bado ikagoma, basi nikaligeuza mp4 kwa VLC hiyo hiyo, pale kwenye Convert/Save, likakubali.

Ma-dat mengine fungua kwa Notepad uone herufi za mwanzo, ukikuta %PDF hiyo ni PDF, ukikuta PK mara nyingi ni zip au docx. Ila NTUSER.DAT msiiguse, imebeba mipangilio ya akaunti yako ya Windows.